Kujiamini Kunahitaji Kitambaa: Nguvu za Nafsi na Ustawi wa Wanachuo wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, Tukiangalia kutoka Misigiri

Kijana wa Misigiri aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea ana njia chache za kushika. Ya kwanza ni barabara yenyewe. Lami itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza inapita katika mji huo mdogo wa wilaya ya Iramba, na ndipo inapochepuka njia ya Kiomboi. Penye njia panda hapakosi wa kuuza, wa kubeba na wa kuendesha bodaboda. Ya pili ni machimbo ya dhahabu upande wa Sekenke na Shelui, chini ya mteremko, ambako dhahabu inachimbwa tangu enzi za Wajerumani. Ya tatu ni shamba la wazazi: alizeti, mtama, mahindi, vitunguu. Ya nne ni chuo. Sizungumzii chuo kikuu, bali Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambacho wengi wanakiita FDC tu: kile cha Singida mjini, au cha Msingi katika wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012.

Kati ya hizo nne, chuo peke yake ndicho kisicholeta hela wiki hii. Anayeshika pikipiki leo, jioni atakuwa amepeleka hesabu kwa mwenye chombo na kubakiwa na chochote. Anayekwenda chuo atakuwa mtu wa kutoa, si wa kupokea, kwa muda wa miaka miwili, na wenzake aliowaacha njia panda watakuwa wanamnunulia soda akirudi likizo. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu nguvu za nafsi za wanachuo hawa ajue kwamba swali lake limechelewa kidogo. Wale anaowakuta karakanani wameshafanya uamuzi unaohitaji matumaini mengi kuliko yale anayotaka kuwapima.

Makala haya yana hoja moja. Matumaini, kujiamini na ustahimilivu, ambavyo tunavisifu kwa wanachuo hawa, havijengwi kwa semina peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya sifa hizo hutengenezwa na vitu: kitambaa, waya, uji wa saa nne, mtu wa kumshika mtoto, na tarehe ya kulipa ada. Vitu hivyo vinapokosekana, tunapenda kuwasifu wanachuo kwa uvumilivu wao. Sifa hiyo naiona ni ya bei rahisi mno.

Chuo kilichokataa mitihani

Vyuo hivi vina asili isiyofanana na ya vyuo vingine vya ufundi. Mwanzo wake wa mbali ni Denmark, ambako mchungaji na mshairi N. F. S. Grundtvig alihubiri shule ya watu wa kawaida, shule ya mazungumzo na maisha ya pamoja, isiyokuwa na mitihani. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikaiga mwaka 1868. Karne moja baadaye mataifa ya Kaskazini mwa Ulaya yalikuwa yameshajenga kituo chao Kibaha, na Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kutangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na kuufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, aliona humo kitu cha kuchukua. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza. Leo viko 54.

Inafaa kukumbuka zama zenyewe. Kwa takwimu za serikali, theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika mwaka 1967. Kufikia mwaka 1986 waliobaki walikuwa kama asilimia 10. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili kuizunguka redio, wakajadili malaria na vyoo. FDC kilikuwa ngazi iliyofuata kwa mtu aliyekwisha kupata kisomo. Kijiji kilimchagua, kikamtuma, na kikamngoja arudi. Hakuwa na mtihani wa mwisho wala cheti cha kumpeleka mjini, na hilo lilikusudiwa.

Mwanachuo wa mwaka 1976 aliingia darasani akiwa na kijiji nyuma yake, kwa sababu chuo chenyewe kilikuwa shauri la kijiji. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro zake, na asiyependwa na uongozi wa kijiji huenda hakutumwa kabisa. Hata hivyo, aliyetumwa alijua ametumwa na nani na atarudi kufanya nini. Mwanachuo wa leo hujaza fomu mwenyewe, au hujaziwa na shangazi, hulipa ada, husomea ushonaji, umeme wa majumbani, uashi, useremala, magari au upishi, na hufanya mtihani wa ufundi wa kitaifa ili apate cheti. Vyuo vyenyewe vilihamishwa katika muongo uliopita kutoka wizara ya maendeleo ya jamii kwenda wizara ya elimu. Nakubali kwamba mabadiliko haya yalihitajika, kwa kuwa cheti kina kazi yake na kijana ana haki ya kukitaka. Ila mzigo wa matumaini, uliokuwa umebebwa na watu wengi, uliwekwa kichwani kwa mtu mmoja, na hakuna aliyepiga hesabu ya uhamisho huo.

Nia bila njia

Saikolojia iliyozama katika nguvu badala ya magonjwa ni changa. Martin Seligman aliipigia debe alipokuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2004 yeye na Christopher Peterson wakatoa orodha ya nguvu 24 za tabia. Fred Luthans na wenzake, wakitokea kwenye taaluma ya uongozi wa biashara, wakachagua nne tu, yaani matumaini, kujiamini katika kazi, ustahimilivu na kutarajia mema, wakaziita mtaji wa kisaikolojia. Neno mtaji limetoka kwenye taaluma iliyotaka kujua mfanyakazi mwenye sifa gani atamfaa mwajiri. Binti anayesomea ushonaji ili afungue kibanda Misigiri hana mwajiri, kwa hiyo mtaji huo utamfaa nani, na lini, ni jambo la kulipima upya.

Katika kundi hilo ninayemwona ana la kutusaidia zaidi ni C. R. Snyder, ambaye kipimo chake cha matumaini cha mwaka 1991 hutenganisha vitu viwili: msukumo wa mtu kulifikia lengo, na uwezo wake wa kuziona njia za kulifikia. Sisi tumezoea kusema penye nia pana njia. Kwa Snyder, nia inaweza kujaa na njia ikakosekana, na mtu wa namna hiyo hana matumaini kamili hata akiwa na bidii ya kupigiwa mfano. Hapa naona picha ya vijana wa Iramba zaidi kuliko katika orodha yoyote ya nguvu 24. Nia wanayo, na ushahidi wake ni kule kuacha hela ya njia panda. Kinachopungua ni njia, na njia hazimo kichwani pekee. Fundi cherehani asiye na cherehani anaweza kufikiria njia kumi, na zote zikaishia kwenye ukuta uleule.

Carol Ryff, katika kazi yake ya mwaka 1989, alitaja pande sita za ustawi wa nafsi, mojawapo ikiwa kujiamulia mambo bila kuyumbishwa na watu. Maswali ya upande huo humpa alama nyingi anayeshikilia rai yake hata jamaa wakipinga. Sasa mchukue binti aliyeacha chuo wiki tatu ili akamuuguze bibi yake hospitalini Kiomboi kwa sababu wajomba walikaa kikao wakaamua hivyo. Kwenye dodoso atapata alama ndogo. Bibi yake, wajomba, na labda yeye mwenyewe, wataona amefanya lililo zito na la kiutu. Joseph Henrich na wenzake walikwisha kuonya mwaka 2010 kwamba saikolojia imejengwa kwa kuwapima watu wa jamii chache tajiri za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Onyo hilo hunukuliwa sana katika utangulizi wa tasnifu zetu, halafu dodoso lilelile hutafsiriwa na kugawiwa.

Sitaki kufika mahali pa kusema kwamba vipimo hivi havifai kitu. Binti huyo pia anaweza kuwa ameumia. Anaweza kuwa na masomo ya wiki tatu yasiyofidika, na hasira asiyoweza kuisema mbele ya wajomba. Utu wa kumuuguza bibi na hasara ya kuacha darasa vinakaa ndani ya mtu mmoja, na mtafiti anayeona kimoja tu, awe wa Magharibi au wa hapa, amepima nusu.

Mkono wa gauni

Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka kwenye vyanzo vinne: kufanya jambo na kulifanikisha, kumwona mwenzako akilifanikisha, kuambiwa unaweza, na hali ya mwili wakati wa kulifanya. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kupita vyote. Maneno ya kutiwa moyo yana nafasi, lakini hufutika mara tu kazi inapoharibika.

Tuingie karakana ya ushonaji na hoja hiyo. Somo ni kuunga mkono kwenye gauni. Kichwa cha mkono hukatwa kikiwa kirefu kidogo kuliko tundu la kwapa kinamoingia, na ile ziada inabidi igawanywe kwa vidole na kumezwa na mshono, bila kuacha mikunjo begani. Ikimezwa upande mmoja zaidi, mkono unavuta na mvaaji hawezi kuinua mkono kushika bomba la basi. Kulijua hili kwa maneno ni kazi ya dakika kumi. Kulijua kwa vidole ni kazi ya kuunga, kufumua, kupiga pasi, kuunga tena, mpaka mkono unakaa.

Chuo kisicho na kitambaa cha kutosha hufundisha kukata kwa karatasi: kaki, magazeti, mifuko ya saruji iliyokung'utwa. Kwa hatua ya kuchora na kupima, karatasi inatosha, na wakufunzi wanaoitumia wanastahili heshima kwa ubunifu wao. Shida inaanza pale inapobaki karatasi mpaka mwisho. Karatasi haivuti. Haimezi ziada, haifumuki kingo, haikimbii chini ya mguu wa cherehani kama vitambaa laini. Mwanachuo anaweza kumaliza akiwa na daftari safi na michoro sahihi, kisha mteja wa kwanza akamletea doti ya kitenge aliyoiweka miezi mitatu kwa ajili ya harusi, na mkasi ukawa mzito mkononi. Mkasi ukishapita hakuna kurudisha. Anayeogopa wakati huo hana tatizo la kujiamini linalohitaji mshauri nasaha. Anaujua uwezo wake kwa usahihi kabisa: hajawahi kuunga mikono ya kutosha kwenye kitambaa cha kweli.

Kwa fani ya umeme ni vilevile. Waya hufungwa kwenye ubao na kufunguliwa, darasa baada ya darasa, mpaka ncha zinakatika na kipande kinakuwa kifupi kuliko ubao. Mwaka huohuo chuo kinaweza kupata semina ya siku moja ya kujitambua na kujiamini, yenye bango, maji ya chupa, posho na fulana. (Fulana zile, ukizifumua, ni kitambaa.) Naelewa kwa nini semina huja mara nyingi kuliko jora. Ina picha, ina orodha ya mahudhurio, na inaandikika vizuri kwenye ripoti. Jora la kitambaa huisha, na ushahidi wake ni rundo la mikono iliyoshonwa vibaya mwezi wa tatu na vizuri mwezi wa kumi, ambalo hakuna aliyelihifadhi.

Ningependekeza lihifadhiwe. Mkono wa kwanza na wa mwisho wa kila mwanachuo, ukiwa na tarehe, ungemwambia mtafiti habari nyingi zaidi za kujiamini kwa mwanachuo huyo kuliko swali la kuchagua kati ya moja na tano. Na ungemwambia mwanachuo mwenyewe, jambo ambalo kwa Bandura ni kubwa zaidi.

Ghala la Februari

Iramba, kama sehemu kubwa ya Kanda ya Kati, ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Chakula cha mwaka uliopita hupungua ghalani kuanzia Januari, wakati ambapo shamba linataka palizi na mikono yote. Alizeti huvunwa baada ya mvua kukatika, na hela huingia kijijini kuanzia katikati ya mwaka, mashine za kukamua zinapoanza kununua. Huo ndio mwaka wa mkulima. Mwaka wa chuo unaanza Januari.

Maana yake ni kwamba ada, vifaa na nauli vinadaiwa katika kipindi kilekile ambacho nyumba ina njaa na haina cha kuuza, isipokuwa kuku na mbuzi, ambao bei yao hushuka kwa kuwa kila mtu anauza. Ada yenyewe si lazima iwe kubwa. Katika vyuo vya ufundi vya VETA, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa Sh 60,000 kwa wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Linalowakwamisha wengi ni orodha inayokuja na fomu ya kujiunga: overoli, viatu vya karakana, mkasi, tepu, godoro, ndoo, madaftari, na vitambaa au vifaa vya mazoezi. Mwanachuo wa ngazi hii hana mkopo wa kukimbilia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza na wa vyuo vikuu, ikawafikia baadhi ya wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24. Wa FDC yuko nje ya mlango.

Utafiti uliofanywa na Anandi Mani na wenzake kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapima watu walewale kabla ya mavuno, wakiwa hawana kitu, na baada ya mavuno. Katika majaribio ya kufikiri walifanya vizuri zaidi baada ya mavuno. Ukubwa wa tofauti hiyo umebishaniwa, na sioni sababu ya kuushikilia. Nachukua wazo lake tu: mtu hana kiwango kimoja cha akili tulivu kwa mwaka mzima. Mwanachuo anayesinzia Februari huenda anaamka vizuri Julai, na mkufunzi aliyemwandika mvivu mwezi wa pili amelipima ghala la nyumbani kwao.

Hapa kuna hatua ya kiutawala isiyohitaji mtaalamu wa saikolojia. Chuo kikimruhusu mzazi mkulima alipe sehemu kubwa ya ada kati ya Juni na Agosti, na kikaacha kuwarudisha nyumbani wanachuo wakati wa palizi kwa deni, kitakuwa kimefanya kazi ya ustawi wa nafsi. Ugumu upo, kwa kuwa chuo nacho kinadaiwa mahindi, maharage na kuni Januari. Lakini deni hilo ni rahisi kulibeba kwa taasisi kuliko kwa mama mmoja wa Misigiri anayeuza jogoo wake wa mwisho.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Marekani, nchi iliyoanzisha vyuo vya jamii kwa chuo cha Joliet mwaka 1901 na kuvipanua sana baada ya ripoti ya tume ya Rais Truman ya mwaka 1947, imelazimika kukubali kwamba wanafunzi wengi wa vyuo hivyo husoma na njaa na bila makazi ya uhakika. Sara Goldrick-Rab, mwanasosholojia aliyelisemea hilo kwa muda mrefu, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2016 kwamba wengi wanaoacha masomo hushindwa na gharama za kuishi, ingawa nia wanayo. Wanafunzi wa huko nao ni watu wazima, wafanyakazi, wazazi.

Mtoto yuko wapi

Uzazi ndio unaotuleta kwenye jambo lililofanywa vizuri. Juni 2017 ilitamkwa kutoka ngazi ya juu kabisa ya nchi kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shule. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba anaweza kurudi. Katika miaka ile ya katikati, FDC ndicho kilichobaki kuwa mlango. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, iliyoendeshwa na shirika la KTO kwa ufadhili wa Mastercard Foundation, wasichana walioacha shule, wakiwemo akina mama, walisoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi na stadi za maisha, na vyuo vikawa na vituo vya kulelea watoto wao.

Kituo cha watoto hakimo katika orodha yoyote ya nguvu za nafsi ninayoijua. Lakini fikiria mama wa miaka 19 aliyemwacha mtoto wa miezi minane kwa bibi, kilomita nyingi kutoka chuoni, na simu ambayo hupata mtandao akipanda juu ya kichuguu. Mtoto akiharisha, mama hayupo darasani hata akiwa ameketi mbele. Mwenzake ambaye mtoto wake yuko ng'ambo ya uwanja, anayetoka saa nne kumnyonyesha na kurudi kwenye cherehani saa nne na nusu, ana utulivu ambao hakuna zoezi la kupumua litakaloutengeneza. Tena kuna faida isiyotajwa sana. Msichana aliyeambiwa mtaani kwamba mtoto ni mwisho wake huona wenzake ishirini wakifunga watoto mgongoni na kwenda kwenye mtihani. Hicho ni chanzo cha pili cha Bandura, na kimekuja bila kupangwa, kwa sababu tu watu wa hali moja waliwekwa mahali pamoja.

Wanaosema semina zinafaa

Pingamizi lililo zito dhidi ya hoja yangu linatoka Kenya. Asasi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn na Katherine Venturo-Conerly, iliwapa wanafunzi wa sekondari vipindi vinne vya saa moja kwa wiki nne, katika vikundi, kuhusu kukua kwa uwezo, shukrani na mambo wanayoyathamini. Walioongoza vipindi hivyo hawakuwa wataalamu bali vijana waliomaliza sekondari karibuni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye wanafunzi 413, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata vipindi hivyo kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Hakuna aliyepewa kitambaa.

Matokeo hayo siwezi kuyapuuza, na yananilazimisha kuiwekea hoja yangu mpaka. Vipindi vifupi vilivyopangwa vizuri na kupimwa kwa uaminifu vinaweza kupunguza maumivu ya nafsi, na maumivu hayo yapo vyuoni. Aliyezidiwa kabisa anahitaji tiba, na Hospitali ya Mirembe ya Dodoma haikujengwa kwa ajili ya watu waliokosa mkasi. Lakini jaribio la Shamiri lilipima dalili za sonona na wasiwasi, wala halikudai kwamba kijana akishukuru vya kutosha atapata mtaji. Na mafanikio yake naona yanatokana pia na mwongozaji. Kijana wa miaka ishirini anayeongea na wa miaka kumi na saba humwonyesha kwa uwepo wake mtu aliyevuka.

Mfano wa Zimbabwe unakaribiana zaidi na ninalolitetea. Benchi la Urafiki, lililoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, huwatumia bibi waliopata mafunzo, wanaoketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi humsikiliza, humsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, na kutafuta naye hatua ya kulitatua kabla hawajakutana tena. Wanaomaliza hukaribishwa kwenye vikundi vya kusaidiana ambako hufuma mikoba huku wakizungumza. Nia, njia na kazi ya mikono vimewekwa benchi moja. Iramba haina uhaba wa bibi wa namna hiyo, na matroni wengi wa mabweni wamekuwa wakiifanya kazi hiyo bila mafunzo wala nyongeza ya mshahara.

Baada ya cheti

Njia ya mhitimu ikitazamwa kutoka Misigiri inahitaji mashine, mahali, na wateja watatu wa kwanza. Kwa mashine upo mlango mmoja wa kisheria: halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi. Vijana waliotawanyika vijijini mwao baada ya mahafali hupata tabu kuunda kikundi. Wakiwa chuoni wako bweni moja na wamekwisha kujuana ni nani mwaminifu na nani mdokozi. Sioni kwa nini kikundi kisiundwe, kisajiliwe na kufunguliwa akaunti muhula wa mwisho, afisa maendeleo ya jamii akija chuoni badala ya wao kumtafuta.

Kuhusu utafiti wa nguvu za nafsi za wanachuo hawa, kama utafanyika Singida au Msingi, mambo mawili yataamua kama utakuwa na maana. Anayeuliza maswali asiwe mkufunzi anayesahihisha mtihani wa anayejibu, kwa sababu hakuna mwanachuo atakayemwandikia mtu huyo kwamba hajiamini. Na maswali yaulizwe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Programu nyingi huanza na kipimo cha mwanzo mara fedha zinapotoka, tuseme Februari, na kufunga na kipimo cha mwisho Julai. Kwa ratiba hiyo, alama za ustawi zitapanda karibu kila mara, na ripoti itasema mafunzo yamefanikiwa, kumbe alizeti imeuzwa. Kundi la kulinganisha lipimwe siku zilezile, na watu walewale waulizwe tena Februari inayofuata.